Nyumba ya Kalunguyeye wa Buluu: Tarehe ya Segaworld, 1996 hadi 1999

Jumamosi tarehe 7 Septemba 1996, pembeni mwa Piccadilly Circus, katikati ya mji wa London, ilifunguliwa nyumba ya tafrija ambayo wenyewe waliinadi kwa majina makubwa, na ambayo kwa upana wake na kwa mali iliyomiminwa ndani yake ilistahili baadhi ya majina hayo. Iliitwa Segaworld. Ilienea katika orofa saba za jengo kongwe la Trocadero, gharama yake ilitajwa kuwa paundi milioni 45, na sakafu zake zikiunganishwa zilikaribia mita za mraba elfu kumi, zote chini ya paa moja, pasipo jua wala mvua, pasipo mti wala jani, pamejaa mashine zilizong'ara na kupiga kelele tangu asubuhi hadi usiku. Miaka mitatu baadaye jina lake liliondolewa mlangoni. Septemba 2026 ndiyo inayotimiza miaka 30 tangu mlango ule ulipofunguliwa. Na kwa kuwa nyumba iliyoanguka haina wa kuiandalia karamu ya kumbukumbu, nimeona si vibaya tarehe yake iandikwe kwa Kiswahili, na iandikwe hapa Salamabila, mkoani Maniema, mashariki ya Kongo, mahali palipo mbali nayo kwa maelfu ya maili, lakini, kama itakavyobainika, si mbali kama ramani inavyodai.

Trocadero yenyewe ilikuwa na umri wa kuheshimiwa. Kampuni ya J. Lyons, ambayo Waingereza waliifahamu zaidi kwa chai na mikate, ilifungua hapo mkahawa wa fahari mwaka 1896, na kwa muda unaokaribia miaka 70 watu wenye nafasi walikula na kusikiliza muziki ndani yake, mpaka mkahawa ulipofungwa mwaka 1965. Jengo likapita mikono kadha wa kadha, likafunguliwa upya mwaka 1984 kuwa jumba la maduka na maonyesho kwa ajili ya watalii, na maonyesho mashuhuri kuliko yote yakawa yale ya kitabu cha rekodi za Guinness. Walakini jumba halikupata kutulia. Wapita njia wa Piccadilly ni wengi kupita kiasi, ila mpita njia si mteja mpaka apewe sababu ya kusimama. Na kampuni ya Burford, iliyolishika jengo hilo katika miaka ya tisini, ilihitaji mpangaji atakayewasimamisha watu kwa maelfu. Mpangaji huyo alitoka Japani. Basi ikawa miaka 100 kamili tangu mkahawa ulipofunguliwa, nyumba ile ile ikaanza maisha mengine.

Kampuni ya Sega ni ya Kijapani kwa makazi, ila asili yake ni mchanganyiko. Mizizi yake inafika Honolulu, ambako mwaka 1940 wafanyabiashara wa Kimarekani walianzisha kampuni ya kupeleka mashine za kutia sarafu katika kambi za wanajeshi; na serikali ya Marekani ilipozipiga marufuku mashine za kamari katika maeneo yake mwanzoni mwa miaka ya hamsini, biashara ikahamia Japani, zilikokuwako kambi nyingine na wanajeshi wengine waliokosa la kufanya jioni. Mwaka 1965 kampuni hiyo iliungana na ya David Rosen, Mmarekani aliyekuwa amepata riziki yake Tokyo kwa vibanda vya kupiga picha za papo kwa papo, zile za kubandika katika vitambulisho. Mwaka uliofuata wakatoa mashine iliyoitwa Periscope, ambayo mchezaji alichungulia kama baharia ndani ya nyambizi akapiga merikebu za karatasi ngumu kwa mishale ya taa; na ilipofika Marekani ilitoza senti 25 kwa mchezo mmoja, kima ambacho kilikuwa kikubwa kwa wakati ule, na watu wakalipa. Msomaji aikumbuke sarafu hiyo, maana ndiyo uti wa mgongo wa simulizi yote hii: Sega ilikulia katika biashara ya kuuza dakika chache za furaha kwa bei ndogo, mara nyingi mno, kwa watu wengi mno.

Katika miaka ya themanini ufundi wao ulipanda daraja. Mhandisi kijana aitwaye Yu Suzuki alitunga mwaka 1985 mchezo wa Hang-On, ambao mchezaji hakusimama mbele ya skrini akibonyeza vitufe, bali alipanda pikipiki yenyewe, ya ukubwa wa kweli, akaiegemeza kwa uzito wa mwili wake kila alipotaka kukata kona. Mwaka 1986 ukaja OutRun, wa gari jekundu na barabara ya pwani, nao pia kiti chake kilitikisika. Mwaka 1990 kilele kikafikiwa kwa chombo kilichoitwa R360, ambacho kilikuwa kiti cha rubani kilichoning'inizwa ndani ya mapete mawili ya chuma: mchezaji alifungwa mikanda ya mabega na kiuno, akatakiwa avue kila kilichokuwa mifukoni, mhudumu akasimama kando mkono ukiwa karibu na kitufe cha kusimamishia, kisha kiti kikazunguka pande zote, hata kichwa kikawa chini na miguu juu, kwa kadiri ndege iliyokuwa katika skrini ilivyogeuzwa. Chombo cha namna hiyo hakiingii sebuleni kwa mtu. Na hapa ndipo ilipozaliwa dhana iliyojenga Segaworld: kwamba kuna furaha ambayo nyumba ya mtu haiwezi kuitia ndani, wala fedha za mtu mmoja haziwezi kuinunua, na kwa hiyo watu watatoka makwao daima kuifuata ilipo.

Kwa imani hiyo Sega ilifungua Joypolis ya Yokohama mwezi Julai 1994, ikafuatisha nyingine Niigata, Fukuoka na Tokyo, na wakubwa wake, wakiongozwa na rais wa kampuni Hayao Nakayama, wakaanza kuzungumza juu ya nyumba za aina hiyo kwa makumi, zilizotapakaa duniani. Wakati huo fedha haikuwa tatizo. Kalunguyeye wao wa buluu, Sonic, aliyezaliwa mwaka 1991, alikuwa ameshindana na fundi bomba wa kampuni ya Nintendo bila kuaibika, na katika Ulaya mashine yao ya nyumbani ilipendwa kuliko katika Japani kwenyewe. London, basi, ilikuwa chaguo la busara. Si mji uliobahatishwa kwa kutupa dadu.

Mgeni aliyeingia Segaworld hakuanza chini akapanda polepole kama aingiavyo dukani. Ngazi ndefu ya umeme, iliyopambwa kwa taa na kupewa jina la roketi, ilimchukua moja kwa moja hadi juu ya jengo, na kutoka huko alishuka orofa baada ya orofa, kila moja ikiwa na jina na mapambo yake: moja ya mapigano, moja ya mbio za magari, moja ya urubani, moja ya viwanja vya mpira na riadha, moja ya watoto na Sonic wao, nyingine ya michezo ya gulioni kama ya kutupa mpira na kupata zawadi. Kati ya mamia ya mashine za kawaida palitawanywa vivutio vikubwa vichache, na hivi ndivyo vilivyokuwa roho ya nyumba. Katika Space Mission abiria walivaa kofia nzito zenye skrini mbele ya macho, wakaona anga za juu zikiwazunguka kila walikogeuza shingo. Hiyo ilikuwa miaka 20 kabla ya vifaa vya namna hiyo kuuzwa madukani kama viatu. Katika Ghost Hunt walipanda vigari wakawapiga mizuka kwa bunduki. Katika Mad Bazooka waliendesha magari ya kugongana huku wakirushiana mipira. Katika Beast in Darkness walipelekwa gizani, wakatishwa kwa mngurumo wa mnyama asiyeonekana. Kilikuwako pia chombo cha AS-1, chumba kidogo cha watu wanane kilichosimama juu ya miguu ya chuma iliyokiinua na kukiyumbisha kufuatana na filamu. Na mojawapo ya filamu zilizotengenezwa kwa ajili yake ilimwonyesha Michael Jackson, aliyekuwa mpenzi na rafiki wa Sega, akiwaamrisha abiria kama kamanda wa vyombo vya anga.

Nimevitaja kwa jina kwa sababu haki ya marehemu ni kusifiwa kwa alichokuwa nacho. Wako walioandika baadaye kana kwamba Segaworld ilikuwa ulaghai mtupu, na hilo si kweli. Ilikuwa kazi ya mafundi hodari, na baadhi ya mambo yaliyofanywa humo yalitangulia zama zake. Aibu yake haikuwa katika mashine. Ilikuwa mlangoni.

Siku ile ya kwanza mtu mzima alitozwa paundi 12 na mtoto paundi 9. Kwa kima hicho aliruhusiwa kuingia na kupanda vile vivutio vikubwa. Walakini mashine zile nyingine zote, zilizokuwa mamia na zilizojaza orofa, kila moja iliendelea kudai sarafu yake. Baba wa watoto watatu, basi, alikuwa amekwisha lipa paundi 39 kabla hajasikia kishindo cha mchezo wowote, kisha kila hatua aliyopiga mikono midogo ikamvuta koti. Akienda kwenye vivutio alivyokwisha lipia, alikuta foleni. Nyumba ilikuwa na vivutio vikubwa vichache tu, na chombo cha watu wanane hakiwezi kumaliza umati wa Piccadilly kwa saa moja hata kikizungushwa na malaika. Watu wakasimama. Waliposimama wakahesabu. Na mteja anayehesabu ndani ya nyumba ya furaha amekwisha toka, hata kama miguu yake bado imo.

Hili lafaa tukae nalo kidogo, maana nadhani ndilo lililoiua Segaworld kabla ya mengine yote yaliyosemwa. Iko biashara ya bustani kubwa za burudani, kama zile za Disney, ambayo humtoza mtu mara moja langoni, kisha humwacha azunguke kutwa nzima bila kufungua mfuko isipokuwa kwa chakula. Mtu huyo huona ameingia katika milki yake. Na iko biashara ya mashine za sarafu, ambayo haina lango kabisa: mtu huingia bure kutoka barabarani, hutazama, hujaribu kwa sarafu moja, hupoteza, hughadhibika, hutia ya pili. Mchezo wenyewe hutungwa umalizike baada ya dakika chache, ili wa nyuma yake apate zamu na sanduku lipate sarafu. Biashara mbili hizi zina adabu tofauti, na kila moja ina uaminifu wake. Segaworld ilitaka faida ya zote mbili kwa pamoja. Ikaweka lango la bustani mbele ya mashine za barabarani. Mpita njia ambaye angeingia bure akaacha paundi tano kwa hiari yake, alizuiliwa mlangoni kwa paundi 12. Na aliyezilipa paundi 12 akijiona amenunua siku, akajikuta hana alichokinunua ila ruhusa ya kutumia zaidi. Magazeti ya Uingereza hayakuwa na huruma, na wenye nyumba walilielewa kosa upesi, kwani haikuchukua muda mrefu wakashusha kiingilio hadi paundi 2 na kutoza kila kivutio peke yake. Lakini sifa mbaya ilikuwa imetangulia, na mji kama London una mahali pengi pa kupotezea Jumamosi.

Wakati nyumba inahangaika na mlango wake, adui wa pili alikuwa amekwisha ingia majumbani mwa watu. Kampuni ya Sony ilitoa PlayStation nchini Japani mwezi Desemba 1994, ikaileta Ulaya Septemba 1995, mwaka mmoja kabla ya roketi ya Trocadero kuanza kupanda. Kabla ya hapo, tofauti kati ya mashine ya ukumbini na ile ya sebuleni ilikuwa kama mbingu na ardhi. Mtoto aliyecheza mbio za magari nyumbani alijua moyoni kuwa anacheza kivuli cha mchezo. PlayStation iliifupisha tofauti hiyo kwa ghafula. Magari na wapiganaji wa maumbo kamili, ambao Sega ilikuwa imewaonyesha ukumbini tangu 1992 na 1993 katika Virtua Racing na Virtua Fighter, sasa walionekana juu ya zulia la nyumbani. Sega nayo ilikuwa na mashine yake ya nyumbani, Saturn, ila ilikuwa ngumu kwa watungaji wa michezo na ghali kwa wanunuzi, na haikupata kuuzwa hata sehemu ya kumi ya ile ya Sony. Basi kampuni ikawa inapigwa sebuleni, ilhali ukumbini, palipokuwa ngome yake, sababu ya watu kutoka nyumbani inapungua mwezi baada ya mwezi.

Yaliyofuata yalikuwa ya haraka. Mwaka 1997 Sega ilijaribu kuungana na Bandai, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, na maafikiano yakavunjika kabla ya kukamilika. Katika mwaka wa hesabu uliokwisha Machi 1998 ilitangaza hasara yake ya kwanza tangu ilipoingia katika soko la hisa mwaka 1988. Nakayama akaondoka katika kiti cha urais. Fedha zilizobaki zikaelekezwa kwenye mashine mpya ya nyumbani, Dreamcast, iliyotoka Novemba 1998, na nyumba za starehe za ng'ambo zikawa mzigo ambao hakuna aliyetaka kuubeba. Mwaka 1999 Sega ikajitoa Trocadero. Dada yake wa Sydney, iliyofunguliwa Machi 1997 kando ya bandari ya Darling, ilivumilia hadi Novemba 2000, ikafungwa majuma machache tu baada ya mji kujaa wageni wa Michezo ya Olimpiki, jambo linaloonyesha kuwa si wingi wa watu uliokosekana. Joypolis ya Yokohama, iliyokuwa mzaliwa wa kwanza, ilifungwa 2001. Mwezi Januari wa mwaka huo huo Sega ilitangaza kuacha kabisa kutengeneza mashine za nyumbani. Na mkuu wake, mzee Isao Okawa, kabla ya kufariki mwezi Machi, aliisamehe kampuni madeni iliyokuwa ikidaiwa naye na kuirudishia hisa zake zenye thamani ya dola milioni 695. Katika tarehe yote hii ya hesabu na hila za bei, tendo hilo la mzee anayekaribia kaburi ndilo pekee ambalo mwandishi wa tenzi wa zamani angelipa beti zake.

Asije mtu akadhani msiba ulikuwa wa Sega peke yao. Disney, mabingwa wa lango, nao walijaribu kuifunga bustani ndani ya jengo. DisneyQuest yao ya kwanza ilifunguliwa Florida Juni 1998, orofa tano za michezo, ambamo mtu aliweza kuvaa kofia ya skrini akaruka juu ya busati la Aladini, yule yule ambaye watoto wa pwani na wa Maniema walimjua kwa hekaya za Alfu Lela Ulela kabla hajawa mali ya Wamarekani. Ya pili ilifunguliwa Chicago Juni 1999, ikafungwa Septemba 2001, na ya tatu iliyokusudiwa Philadelphia haikumalizika kujengwa. Ile ya Florida ilidumu mpaka Julai 2017, miaka 19, kwa kuwa iliegemea bustani kubwa zilizokuwa jirani zake na ikapokea wageni waliokwisha safiri kwa ajili ya hizo. Lakini mwishoni vijana waliingia humo wakiwa na simu mifukoni zenye nguvu kupita mashine zilizowakaribisha. Jengo la mawe huzeeka kwa karne, mashine ya mchezo huzeeka kwa miaka mitatu. Na atakayefungia cha miaka mitatu ndani ya cha karne lazima awe na hazina ya kukibadilisha daima. Hazina hiyo Sega hawakuwa nayo tena, na Disney walikuwa nayo wakachagua kutoitumia.

Sasa narudi kwetu, nilikoahidi. Mwezi mmoja tu baada ya roketi ya Trocadero kuanza kupandisha watoto wa London, vita vilizuka Kivu, Oktoba 1996, na mapema mwaka uliofuata vilikuwa vimekwisha fika Maniema. Vya pili vilianza Agosti 1998. Yaani karibu maisha yote ya Segaworld, kuanzia kuzaliwa hadi kufa, yaliangukia katika miaka ambayo watu wa Kasongo na Kabambare, huku kwetu, walikuwa porini wakikimbia bunduki zisizokuwa za mizuka. Na mashine za aina ya zile zilizoiua nyumba ya London zilihitaji kitu kipatikanacho huku. Madini ya koltani, yachimbwayo Kivu na Maniema, hutolewa ndani yake tantali, na tantali hutengenezewa vidonge vidogo vya kuhifadhia umeme ambavyo bila hivyo simu na mashine za michezo zingekuwa kubwa na dhaifu. Mwaka 2000, simu zilipokuwa zikienea kila mahali na Sony ikatoa PlayStation ya pili, bei ya koltani duniani ilipanda kwa namna isiyopata kuonekana, wakulima wakaacha majembe wakaingia mashimoni, wenye silaha wakajiweka juu ya mashimo. Mwaka uliofuata bei ikaanguka, na silaha zikabaki. Sisemi kwamba mtoto wa Uingereza aliyekaa juu ya zulia lake ana deni la damu, maana hakuna aliyemwambia. Nasema tu kwamba anayeandika tarehe ya michezo hii akiishia Tokyo na London ameandika nusu.

Mgodi wa dhahabu wa Namoya, hapa hapa Salamabila, una tarehe yake yenyewe ya kusimama na kuanguka: kampuni ya kigeni ilianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016, ikasimamisha kazi 2019 kwa ajili ya usalama uliokosekana, na wachimbaji wa mkono wakabaki na mashimo yao kama walivyokuwako kabla. Mji wa dhahabu, hata ukiwa na barabara ya tope, huwa na vijana wenye fedha leo na wasiokuwa nayo kesho, na penye vijana wa namna hiyo, katika miji mingi ya mashariki ya Kongo, haukosekani ukumbi wa michezo. Ni chumba cha mbao kilichoezekwa mabati, giza kwa makusudi ili picha ionekane. Ndani yake mna televisheni mbili au tatu juu ya meza, kila moja na PlayStation yake, aghalabu ile ya pili au ya tatu, iliyozeeka kwa wenzetu ikaanza ujana wake kwetu. Nyaya zimefungwa kwa mpira wa baiskeli, vishikio vimefutika alama kwa jasho la vidole, na nje jenereta inanguruma karibu na dumu la petroli. Wanacheza mpira. Hulipa kwa mechi, noti chache za faranga kila mmoja, na aliyeshindwa humpisha anayengoja kwenye benchi. Anayetazama hatozwi kitu.

Ajabu ni kwamba mwenye chumba hicho, ambaye pengine hakupata kusikia jina la Nakayama wala la Burford, anaifahamu biashara hii kuliko wale waliotumia paundi milioni 45. Hana lango. Umati wa wanaotazama bure ndio unaomletea mchezaji wa kesho, na makelele yao ndiyo tangazo lake. Mechi ni fupi. Mashine ikiharibika hununua nyingine iliyotumika, wala hana orofa saba za kulipia ijara. Naye ana hasara zake, mafuta yakipanda au usalama ukitetereka, na wazazi na walimu wana maneno yao juu ya watoto waliokosekana darasani, maneno ambayo siyakanushi. Lakini kile kitu ambacho Sega ilidhani hakiwezi kuingia nyumbani kwa mtu, huku kwetu hakikuingia nyumbani kwa sababu nyingine kabisa: umeme haumo na fedha haitoshi; na kwa hiyo ukumbi wa pamoja, uliokufa Piccadilly, ukapata kuishi Maniema.

Trocadero haikubaki tupu baada ya Sega kuondoka. Sehemu ya mashine ilichukuliwa na Funland, nyumba ndogo zaidi isiyo na majivuno, ambayo wapenzi wa michezo ya ukumbini waliipenda kwa dhati kuliko walivyopata kuipenda Segaworld; nayo ilifungwa mwaka 2011. Jengo likawa mikononi mwa tajiri mmoja mzaliwa wa Malawi, na mwaka 2020 ikafunguliwa humo hoteli ya vyumba visivyokuwa na madirisha, iliyokusudiwa kwa watu wanaotaka usingizi na kimya katika mtaa ambao haujapata kulala. Mwaka 2023 baraza la Westminster likaidhinisha sehemu ya chini ya jengo itumike kuwa mahali pa kuswalia Waislamu, baada ya mabishano yasiyokuwa haba.

Katika zile nyumba kubwa za Sega, iliyobaki hai ni Joypolis ya Tokyo, iliyofunguliwa Julai 1996, miezi miwili kabla ya ile ya London. Mwaka 2017 Sega iliuza asilimia 85 ya biashara hiyo kwa kampuni ya Kichina, nayo imepata wadogo zake nchini China. Langoni pake huko Tokyo mgeni huulizwa kama anataka kulipa mara moja achezee siku nzima, au alipe kiingilio kidogo kisha alipe kila kivutio kwa bei yake. Yeye mwenyewe ndiye anayechagua.